Mama Mzima Naye Denti! Nilivyoisaka Sheria Nikiwa na Miaka 36

Siku ya kwanza nilipoingia darasani kelele zilikatika ghafla. Vijana waliokuwa wamekaa juu ya meza wakateremka, mwenye kofia akaivua, na binti mmoja wa mbele akanipa shikamoo kwa adabu zote. Nikaitika marahaba, nikampita, nikaenda zangu kukaa kiti cha nyuma. Weee! Darasa zima likaangua kicheko. Walidhani mimi ndiye mwalimu, kumbe mama wa watu ni denti kama wao.

Hiyo ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa na miaka 36, mume mmoja, watoto watatu, na kazi ya ukarani mahakamani. Utauliza, we mama na umri huo ulifuata nini chuoni? Ngoja nikupe kisa.

Nilipoanza kazi, mimi ni binti mdogo, alikuja bibi mmoja mjane. Alikuwa ameshindwa kesi ya nyumba kwenye mahakama ya mwanzo, anataka kukata rufaa. Nikatazama tarehe, nikamwambia, "Bibi, siku 30 zimeshapita, umechelewa." Akaniuliza, "Kwa hiyo ndiyo basi, mjukuu wangu?" Nikamjibu, ndiyo basi. Akakunja karatasi zake, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka. Sikumwona tena.

Miaka ikapita. Nikaenda Lushoto, kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kusoma stashahada ya sheria. Siku moja mwalimu akafundisha kwamba aliyechelewa kukata rufaa anaweza kuomba kuongezewa muda, hata kama zile siku 30 zimeshakwisha, mradi awe na sababu ya maana. Jamani, nilihisi baridi, na siyo ile ya Lushoto. Yule bibi hakuwa amefungiwa mlango. Mimi ndiye niliyemfungia, kwa kutojua kwangu. Usiku ule nikaapa kwamba nitaisoma hii sheria mpaka kieleweke.

Tatizo likawa mshiko. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo umekuwa ukitaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35. Mimi nimeuvuka kwa mwaka mmoja tu! Basi nikakaa kitako na mzee wa nyumba. Tulikuwa na kiwanja chetu nje ya mji, msingi umeshachimbwa. Akaniuliza, "Mama, tujenge au usome?" Nikanyamaza. Baada ya wiki mbili akaniambia, "Uza. Ila usije ukaniletea habari za kudisko."

Nikajiandikisha madarasa ya jioni. Saa tisa na nusu natoka kazini, nadandia mwendokasi, saa kumi na moja niko darasani, saa nne usiku nafika nyumbani. Binti yangu mkubwa wakati huo yuko kidato cha tatu, na meza nyumbani ni moja. Yeye upande huu na hesabu zake, mimi upande ule na madesa yangu. Taa ikizimika, wote tunahamia kwenye mshumaa mmoja.

Usidhani utu uzima ni ujanja darasani. Mahakama ya mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 sheria imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Lakini chuoni mambo ni Kiingereza mwanzo mwisho. Vijana wanasoma kurasa 40 wakati mimi niko ya tano, kamusi mkononi. Halafu kesi zenyewe! Kuna ya Donoghue na Stevenson, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1932, ambapo mama mmoja alidai kwamba ndani ya chupa ya kinywaji alichokunywa kulikuwa na mabaki ya konokono. Eti konokono ndiye msingi wa sheria ya uzembe!

Mtihani wa Mikataba ukanipiga mweleka. Sapu! Nilikaa kituoni nikaacha magari matatu yapite, nikiwaza kiwanja kile na msingi wake.

Aliyeniokoa ni kijana wa miaka 20, yule aliyevua kofia siku ya kwanza. Akanieleza kesi ya Bibi Carlill ya mwaka 1893. Kampuni ilitangaza kwamba atakayetumia dawa yake na bado akaugua mafua makali atalipwa pauni 100. Bibi akatumia, akaugua, akadai chake, kampuni ikaleta maneno. Mahakama ikasema lipa, uliahidi mwenyewe. Nikacheka. Kumbe ni kama mama ntilie atundike kibao kwamba ukimaliza sahani tatu ya nne ni bure! Ukizimaliza, akugomee kwa lipi? Tangu hapo Mikataba ikawa yangu. Mimi nikamlipa kijana kwa kumweleza jalada linavyotembea mahakamani na mdhamini anavyotakiwa kuja na nini, mambo ambayo kwenye desa hayana ladha. Sapu nikaivuka.

Wanaotucheka sisi wanafunzi wazee wanasahau historia. Kitivo cha sheria ndicho kilichoanzisha chuo kikuu hapa Dar, mwaka 1961, kikifundishia kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, waliomaliza kidato cha sita walitakiwa wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda Mlimani. Kuwa na mtoto na kuwa denti halikuwa jambo la kushangaza. Na Mandela je? Aliipata digrii yake ya sheria mwaka 1989, angali kifungoni, umri umeshafika miaka 70. Mimi wa 36 ni kifaranga!

Lakini sitakudanganya kwamba digrii ndiyo mwisho wa safari. Ukitaka kuitwa wakili lazima upite Shule ya Sheria kwa Vitendo. Oktoba 2022 matokeo ya pale yalitikisa nchi, kwani kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu, mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mimi nilikuwa naanza mwaka wa nne. Mzee akasoma gazeti, akalikunja, akaniuliza chakula kiko wapi. Hakusema neno, na mimi sikumuuliza.

Mwaka 2023 nikavaa joho. Fedha za Shule ya Sheria nilikuwa nimeziweka pembeni, lakini baadaye binti yangu naye akapata chuo, na mkopo wake haukutosha. Tukakaa tena kwenye ile meza yetu moja. Safari hii nilisema mimi, "Aende kwanza." Kwa hiyo mpaka leo mimi si wakili. Ni karani mwenye digrii, na naweka akiba upya.

Wewe mwenye miaka 30 na kitu unayetamani darasa, nisikilize. Omba mkopo kabla umri haujakutupa nje. Huna vyeti vya kutosha? Ulizia TCU utaratibu wa kutambua uzoefu wako. Tafuta rafiki kijana, na usione haya kufundishwa naye.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja dirishani kwangu. Siku zake za rufaa zilikuwa zimepita. Nikamwambia, "Mzee wangu, keti kwanza. Bado kuna mlango."