Apandaye Mnara Ajue Kipimo Chake

Msafiri atokaye Chalinze kwenda Tanga au Moshi hupita Mkata na Kabuku, akafika Segera penye njia panda, na kote huko minara humtangulia na kumfuata. Mingine imesimama kando ya barabara kuu, mingine juu ya vilima vya Handeni, na mingine huonekana akikaribia Korogwe, ambako Mto Pangani hupita na milima ya Usambara huanza kuinuka. Matangazo ya redio yalipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, mwenye redio kijijini alikuwa mtu wa kuhesabika, na majirani walikusanyika barazani kwake jioni kusikiliza habari. Leo mkulima wa mahindi wa Sindeni na mkata mkonge wa Ngombezi wana simu mfukoni, na bei ya soko la Manundu huwafikia kabla hawajafunga mzigo. Mwezi Mei 2023 Serikali, kwa njia ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitia sahihi mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi yetu.

Jambo hili ni jema, nasi twalipongeza. Lakini katika furaha hiyo yuko mtu mmoja asahauliwaye, naye ni yule apandaye mnara: fundi afungaye antena, kibarua apakaye rangi, na kijana atumwaye kubadili taa ya kilele. Juu ya mtu huyu ndipo twataka kusema leo.

Tulimwuliza fundi mmoja, kijana aliyekuwa ameshuka mnarani muda huo huo, jasho likimtiririka: "Ndugu, ulipokuwa kule juu, nguvu ya mawimbi ilikuwa kiasi gani?" Alitutazama, akacheka kidogo, akajibu: "Mzee, mimi huandikiwa idadi ya bolti. Habari za mawimbi hazimo katika karatasi yangu."

Jibu hilo halikututoka moyoni. Mtu amekaa saa mbili mbele ya mtambo, na hakuna aliyempa hata tarakimu moja ya kile kilichopita mwilini mwake.

HOFU ILIYOPOTEA NJIA

Kwa upande mwingine, huku chini hofu ni nyingi. Wapo wasemao kwamba mnara hukausha migomba. Wapo wasemao huleta saratani kwa kila alalaye karibu nao. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini yatupasa kulipima lisemwalo kabla ya kulibeba. Hebu tueleze mambo haya kwa utaratibu.

Mawimbi ya redio na ya simu si jamaa moja na mionzi ya eksirei. Eksirei ina nguvu ya kuvunja chembe ndogo kabisa za mwili. Mawimbi ya redio hayana nguvu hiyo. Kazi yake iliyothibitishwa mwilini ni kutia joto. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, maana yake ushahidi ulikuwa mchache wala haukutosha kutoa hukumu. Mapitio makubwa yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yakachapishwa mwaka 2024, hayakuona uhusiano kati ya matumizi ya simu za mkononi na saratani ya ubongo. Kwa hiyo asiwepo wa kuwatisha wananchi kwa jambo ambalo wataalamu hawakuliona.

Lakini joto ni jambo la hakika. Mwili wa mtu aliyepumzika hutoa wenyewe joto la kiasi cha wati moja hivi kwa kila kilo. Wataalamu wameona kwamba mawimbi yakiingiza wati nne kwa kila kilo ya mwili mzima, joto la mwili laweza kupanda kwa kiasi cha digrii moja. Hapo ndipo walipoanzia kuweka mipaka. Tume ya kimataifa ya kulinda watu na mionzi ya namna hii, ijulikanayo kwa herufi ICNIRP, ilitoa mwongozo mwaka 1998 na kuufanyia marekebisho mwaka 2020. Mwongozo huo wasema kwamba mfanyakazi asipate zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho, yaani wati 0.4 kwa kilo. Na mwananchi wa kawaida asipate zaidi ya sehemu moja ya hamsini, yaani wati 0.08.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Miongoni mwa wananchi wamo watoto, wazee na wagonjwa, nao hawakuchagua kukaa karibu na mtambo. Mfanyakazi anahesabiwa kuwa mtu mzima aliyefundishwa, ajuaye hatari na jinsi ya kujikinga. Wasomaji wetu walishike vizuri neno hilo: aliyefundishwa. Mfanyakazi ambaye hakufundishwa wala kuambiwa kitu hana haki ya kutwishwa kipimo cha mfanyakazi. Huyo ni mwananchi wa kawaida aliyevishwa kofia ngumu.

KURUNZI NA KIVULI CHAKE

Antena ya simu hufanya kazi kama kurunzi. Haimwagi nguvu yake pande zote sawasawa. Huikusanya na kuitupa mbele, ikiinama kidogo tu kuelekea chini. Ndiyo maana mtu asimamaye kitakoni pa mnara yumo kama katika kivuli cha taa, na mawimbi yamfikiayo ni hafifu. Tena nguvu hupungua upesi kadiri mtu anavyokwenda mbali: umbali ukizidi mara mbili, nguvu hubaki robo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Antena ikipewa wati 20 na kuzikusanya upande mmoja mara 50, mbele yake ni kama chanzo cha wati 1,000. Mtu akisimama mbele yake kwa umbali wa mita 1, hesabu yatoa wati 80 kwa kila mita ya mraba. Kwa mita 2 zabaki 20. Kwa mita 4 zabaki 5. Kwa mita 50 hazifiki hata sehemu nne za mia za wati moja. Sasa tazama mipaka. Kwa simu za megahezi 900, mwananchi asizidi wati 4.5 kwa mita ya mraba, na mfanyakazi asizidi 22.5. Basi mwenye nyumba aliye mita 50 yuko chini ya mpaka wake zaidi ya mara mia moja, na alale usingizi wake. Lakini fundi aliyeegemea uso wa antena hiyo ikiwa inafanya kazi amevuka mpaka wake zaidi ya mara tatu.

Mtaalamu atatuambia, na kwa haki, kwamba karibu kabisa na antena hesabu ya namna hii hupotoka. Nasi twamjibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutaka kipimo. Mahali pale ambapo kalamu haiwezi kuaminika, kifaa kipande kikaseme kweli.

Mitambo ya redio ya FM yataka uangalifu zaidi. Wimbi la FM lina urefu wa kama mita tatu, na nusu yake inakaribiana na kimo cha mtu. Kwa hiyo mwili wenyewe hulipokea vizuri kama ungekuwa antena. Kwa sababu hiyo mipaka ya mawimbi hayo ni mikali kuliko ya simu: wati 2 kwa mita ya mraba kwa mwananchi, na 10 kwa mfanyakazi. Fundi apandaye mlingoti wa redio hulazimika kupita katikati ya antena zenyewe akienda kileleni. Anayejua hivyo atataka nguvu ipunguzwe. Asiyejua atapita akiimba.

Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge waijua mashine ya korona. Ile ilikuwa hatari yenye sauti na meno: mtu aliiona ikisaga majani, akajua mahali pa kutoweka mkono wake. Mawimbi hayana sauti wala meno. Fundi akisikia joto juani Korogwe saa saba mchana atalilaumu jua, na kwa sehemu kubwa atakuwa amesema kweli. Lakini jua, kazi nzito na mawimbi hujumlishwa katika mwili ule ule mmoja. Na viko viungo visivyo na damu ya kutosha ya kuondoa joto, kama mboni ya jicho na viungo vya uzazi vya mwanamume, ambavyo huumia kabla mwenyewe hajatambua.

"TUMEZIMA"

Kuna neno jingine ambalo lapasa kufikiriwa sana, nalo ni neno "tumezima." Siku hizi mnara mmoja hubeba mitambo ya kampuni mbili, tatu au zaidi. Fundi wa kampuni moja huarifiwa kwamba mtambo umezimwa, akapanda kwa amani. Kumbe uliozimwa ni wa kampuni yake, na ya jirani zake inaendelea kunguruma kimya kimya umbali wa mita moja toka begani. Kanuni ya vipimo yasema kwamba mafungu yote hujumlishwa. Kama kila mmoja katika kampuni tatu amtia fundi sehemu nne za kumi za mpaka wake, kila moja yaweza kuapa kwamba haikuvunja mpaka; na fundi atakuwa amepata sehemu kumi na mbili za kumi. Watatu hawana hatia, na mtu mmoja amezidishiwa.

Nchi yetu haikosi sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamwekea mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi wake. Katika mwaka huo huo iliundwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na sheria yake haikuishia kwenye mionzi ya eksirei tu bali yagusa hata mionzi ya namna hii isiyovunja chembe. Iko pia Mamlaka ya Mawasiliano. Na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imeweka mfuko kwa ajili ya waumiao kazini. Lakini tuulize: fundi wa Handeni akisumbuliwa na macho baada ya miaka kumi ya kupanda, ataonyesha nini? Bila karatasi ya kipimo hana ushahidi wa kudai. Hata mwajiri mwaminifu, aliyefuata kila kanuni, hana ushahidi wa kujitetea. Kipimo humlinda mnyonge, na humlinda mwungwana pia.

Kwa hiyo twaona yafaa mambo manne yafanyike. Kwanza, kipimo kichukuliwe mahali mfanyakazi asimamapo. Kumpimia mlinzi langoni ni jambo jema, ingawa kinachomsumbua mlinzi zaidi ni moshi na kelele za jenereta. Lakini karatasi ya langoni haimwambii neno mtu aliye juu mita 40. Kipimo kipande ngazi kwa ngazi, mitambo yote ikiwa inafanya kazi, na kisomwe kwa muda unaotakiwa: dakika 30 kwa mwili mzima, kama mwongozo wa 2020 usemavyo, na dakika 6 kwa kiungo kimoja.

Pili, matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa penye lango la mnara, na mstari wa rangi uchorwe mahali ambapo mtu asipite mpaka mitambo imezimwa. Tarakimu iliyofungiwa kabatini mjini haimkingi mtu aliye Kwamatuku.

Tatu, kuzima kuwe kuzima kwa wote. Awekwe mtu mmoja mwenye jukumu la kupata jibu la kila kampuni iliyo mnarani, na fundi asipande mpaka majibu yote yametimia.

Nne, apandaye apewe kipimo kidogo cha kuvaa kifuani, ambacho hupiga kelele mpaka unapokaribia. Wala kisiwe cha mafundi wa kudumu peke yao. Kibarua aliyeajiriwa kwa siku tatu kupaka rangi ana macho mawili kama wengine, na mwili wake hauulizi mkataba ni wa muda gani.

Tusifiche kwamba yote haya yana gharama, wala kwamba hatari kubwa ya mnarani bado ni kuanguka na kupigwa na umeme. Mkanda wa usalama ubaki wa kwanza. Lakini hakuna asemaye kwamba kwa kuwa mkanda upo basi kofia haina kazi.

Na kwenu, ndugu wafanyakazi, tuna neno. Kuuliza si ujinga. Kabla hujaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, uliza: mitambo ya nani imezimwa, ya nani inawaka, na kipimo cha mwisho kilisoma ngapi? Ukijibiwa, panda. Usipojibiwa, mweleze msimamizi, mweleze na mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi. Ukisikia kichwa kizito au macho kuwaka baada ya kazi, usione haya kusema, kwa maana mficha maradhi kifo humwumbua.

Minara ya Handeni na Korogwe itaendelea kuongezeka, na ni vyema iongezeke. Sisi twataka tu kwamba yule kijana tuliyemkuta akishuka, siku tutakapomwuliza tena, asicheke. Atoe karatasi mfukoni, atusomee tarakimu yake.