Kutoka A hadi Z: Mchezo wa muziki unaotukutanisha tuliotawanyika

WAHENGA walisema milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Wangekuwapo leo wangeongeza kwamba binadamu hukutana hata bila kutoka nyumbani, mradi simu iwe na chaji na kifurushi kisiwe kimekwisha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi. Masomo yangu niliyapata ukimbizini, katika kambi ya Mtabila wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Kambi hiyo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, lakini sisi tuliosoma pale bado hatujafungwa.

Tuko saba. Mmoja anauza mawese mpakani Mugina, mwingine ni fundi cherehani aliyevuka tena mpaka mwaka 2015 na sasa yuko Kasulu. Mmoja anaishi Buyenzi, Bujumbura. Mwingine anafanya kazi kwenye ghala huko Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, na dada yetu mmoja ni muuguzi Brisbane, Australia. Wa saba ni seremala, jirani yangu, ambaye hakusoma Mtabila. Yeye ni mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1972, aliyezaliwa katika makazi ya Mishamo.

Kila Jumamosi saa tatu usiku kwa saa za Burundi tunakutana kwenye simu kucheza. Wa Kasulu kwake ni saa nne. Wa Ohio ni alasiri, naye muuguzi wa Brisbane ni alfajiri ya Jumapili, mara nyingi ndiyo kwanza ametoka zamu.

Namna unavyochezwa

Mchezo wenyewe ni vitendawili vya muziki vinavyofuata herufi, kuanzia A hadi Z. Mwenye zamu anaandika "Kitendawili!" na wengine wanajibu "Tega!" Kwa Kirundi tungesema "Sokwe!" na kujibiwa "Niruze!" Hapo anataja herufi na kutoa fumbo. Jibu lazima liwe jina la mwanamuziki, bendi, wimbo, ngoma au ala ya muziki, na lianze na herufi hiyo.

Wenzake wana dakika tano. Kuchungulia kwenye intaneti ni marufuku, na hakuna polisi wa kusimamia hilo isipokuwa heshima. Wakishindwa, mtegaji anadai mji, kama walivyokuwa wakifanya bibi zetu jioni. Anapewa mji, na akiridhika nao anasema amekwenda huko, ameona haya na haya, kisha anatoa jibu. Akiukataa, wenzake watafute mwingine.

Kwa mfano, herufi R: "Alizaliwa Kindu, akafa Dar es Salaam, watu wakamwita Daktari ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano." Huyo ni Remmy Ongala, Mkongo aliyeingia Tanzania mwaka 1978, akapigia Orchestra Makassy na baadaye Super Matimila, akafariki Desemba 2010.

Au herufi S: "Alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928, na sauti yake ikarudi katika sahani." Jibu ni Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyerekodi santuri za taarab huko India.

Sisi Warundi tuna vyetu pia. Herufi K: "Mfalme alikuwa na ngoma, na ngoma ilikuwa na ufalme." Hiyo ni Karyenda, ngoma ya enzi ya Burundi. Ufalme uliondolewa mwaka 1966, lakini sanaa ya ngoma zetu ilibaki, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Rumba ya Kongo nayo iliingia mwaka 2021.

Wengi wetu tuliujulia muziki huu kambini. Radio moja ilikuwa ya nyumba kumi. Betri zikichoka tulizianika juani ili zimalizie nusu saa nyingine. Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanza mwaka 1995, ilikuwa inatuletea habari za ndugu waliopotea, kisha muziki. Kwa hiyo kwangu mimi kuna nyimbo ambazo siwezi kuzitenganisha na orodha ya majina ya watu wanaotafutwa.

Herufi za shida

Herufi M haijawahi kumshinda mtu. Kuna Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Maquis, Mbilia Bel, na hata "Masanga", wimbo wa gitaa wa Jean-Bosco Mwenda uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952.

Herufi U inatuokoa sisi Warundi, kwa kuwa tuna umuduri, ule upinde wenye kibuyu. Herufi I ni inanga na indingidi. Shida inaanzia Q na X, herufi ambazo Kiswahili hakina na Kirundi hakina.

Kwa Q tulibishana wiki mbili juu ya "kaswida". Fundi wa Kasulu alidai kwa Kiarabu inaanza na Q. Wa Buyenzi akamjibu kwamba sisi hatuchezi Kiarabu, na kwa Kiswahili kaswida inaanza na K. Akashinda. Tangu hapo Q ni Quatre Étoiles, wale wanamuziki wanne wa Kongo waliokuwa Paris, au Q Chief wa Bongo Fleva. Kwa X tunawashukuru vijana wa Arusha, X Plastaz, walioupeleka mdundo wa Kimasai kwenye hip hop.

Mtu mmoja, majina mawili

Ugomvi mkubwa zaidi unahusu Franco. Je, ni F au L? Jina lake ni François Luambo Makiadi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwaamuru Wazaire kuacha majina ya kigeni, na Franco akajulikana rasmi kama Luambo Makiadi. Mwenzake Rochereau akawa Tabu Ley. Kwa hiyo mtu mmoja ana herufi mbili, na kila upande una watetezi.

Mimi huwa upande wa wanaokubali herufi zote mbili, na nina sababu. Jina langu linaanza na R. Tulipofika kambini, karani mmoja aliyeandika kadi za chakula alisikia L, akaandika L. Nilisoma miaka yote kwa L na cheti changu kikatoka na L. Niliporudi nyumbani kuomba kazi ya ualimu, kitambulisho kilisema R na cheti kikasema L. Nilizunguka miezi kutafuta mashahidi na mihuri ya kuthibitisha kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja. Wasomaji wengi waliorudi wanaijua safari hiyo, na wafanyabiashara wenye karatasi za nchi mbili wanaijua zaidi.

Mji uliokataliwa

Lipo jambo ambalo lilifanya mchezo huu uanzishwe, nami nimeruhusiwa na wahusika kulisimulia bila majina.

Baba yake seremala aliacha shamba la michikichi hapa Nyanza-Lac alipokimbia mwaka 1972. Shamba hilo likapewa mtu mwingine, ambaye ni baba yake yule rafiki yetu muuza mawese. Naye alilitunza zaidi ya miaka 20, hadi vita vya mwaka 1993 vilipomkimbiza. Akarudi, akalima tena. Mwaka 2008 seremala na mama yake wakafika kutoka Mishamo, wakakuta kwao kuna wenyewe.

Kila mmoja alikuwa na haki yake, na hapo ndipo ugumu ulipo. Wote wawili walikuwa kwenye kundi letu la simu. Maneno yakawa makali, watu wakaanza kujitoa. Mwaka 2017 nikapendekeza kwamba Jumamosi usiku iwe ya herufi tu, yaani hakuna shamba, hakuna siasa, hakuna kabila. Walikubali kwa shingo upande.

Jumamosi moja seremala alitega herufi L. Hakuna aliyelipata jibu, akadai mji. Muuza mawese akaandika: "Nakupa Nyanza-Lac." Sijui kama alikusudia utani. Seremala akajibu: "Mji huo siuchukui. Huwezi kunipa kilicho changu."

Usiku ule hakuna aliyeandika tena. Jibu la L hatukulipata. Wiki nzima niliamini kundi limekufa. Lakini Jumamosi iliyofuata, saa tatu kamili, muuza mawese aliandika "Kitendawili!" na wa kwanza kujibu "Tega!" alikuwa seremala.

Iliwachukua karibu miaka miwili. Mwishowe bashingantahe na viongozi wa mtaa walikwenda shambani, wakahesabu michikichi mmoja mmoja, wakagawa nusu kwa nusu. Mama yake seremala hakufurahi, na upande wa pili hawakufurahi. Jumamosi ya mwezi huo zamu ilimfikia muuza mawese, tukashindwa fumbo lake, akadai mji. Seremala akampa Nyanza-Lac. Akaupokea, akaandika: "Nimekwenda Nyanza-Lac, nimekuta jirani." Kisha akatoa jibu na mchezo ukaendelea.

Sisemi kwamba mchezo uligawa shamba. Waliogawa ni bashingantahe, kwa kamba na vigingi. Lakini watu wasiozungumza hawawezi hata kufika mbele ya wazee, na hawa wawili kwa miaka ile walikuwa na mahali pamoja pa kuzungumza, japo ni juu ya Zaiko Langa Langa.

Darasani

Mchezo nimeuingiza pia darasani. Hapa kwetu mtoto hukutana na Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Yule aliyelelewa Tanzania anaandika "chai", mwenzake anaandika "icayi". C ya Kirundi ni CH ya Kiswahili, na CH ya Kifaransa inasomeka SH. Mtoto anachekwa kwa herufi moja, ananyamaza muhula mzima.

Nilikuwa na msichana wa namna hiyo aliyetoka upande wa Dodoma. Siku ya herufi Z alinyoosha mkono, akatega juu ya chombo chenye uzi na upinde kinacholia kama mtu. Darasa zima likapaza sauti: "Indingidi!" Akasema hapana, ni zeze. Tulichora vyote viwili ubaoni, wakaona ni ndugu. Kuanzia hapo wenzake walimwita Zeze, na alijibu akiitwa.

Gharama yake ni ndogo. Rafiki yangu wa Mugina anatumia laini mbili, ya huku na ya ng'ambo, na Jumamosi anaweka ile yenye kifurushi nafuu. Asiye na simu acheze nyumbani na watoto, au kwenye foleni ya forodha magari yanapokaguliwa. Chagueni herufi tano tu kwa kuanza, Q na X ziacheni kwa wazoefu. Wazee wapeni nafasi, maana wao wana majina ambayo hayajaandikwa popote.

Kwa leo nawaachia moja. Herufi B: mwaka aliozaliwa Zanzibar hakuna aujuaye kwa hakika, aliimba na kupiga ngoma hadi uzeeni, akazikwa Aprili 2013. Mkishindwa, nipeni mji.