Tundu la Tatu

Nchi zetu jirani hazikurithi umeme wa namna moja. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilirithi kwa Mwingereza soketi ya matundu matatu, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 1947. Rwanda, Burundi na Kongo, zilizotawaliwa na Mbelgiji, hutumia plagi za miguu ya mviringo.

Basi askari arejeaye kutoka ng'ambo na pasi yenye miguu miwili huona haiingii. Huchokoa tundu la juu kwa kijiti, akaichomeka. Pasi yapata moto, lakini kinga imekwisha kuondolewa.

Tundu hilo la juu ndilo la waya wa ardhi. Waya wenye umeme ukigusa chuma cha pasi, umeme hukimbilia ardhini. Ardhi ikiwa nzuri, fyuzi hukatika. Pasipo njia hiyo, chuma hubaki na volti zipatazo 230, kikingoja mkono. Fyuzi ya ampea 13 haimwokoi mtu, maana sehemu ndogo mno ya ampea moja hutosha kuua.

Katika kota za zamani hatari imejificha zaidi. Waya wa ardhi huenda ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Bomba likibadilishwa kwa plastiki, ardhi imekatika, wala hakuna taa itakayozimika kutoa habari. Tundu la tatu limebaki pambo.

Askari hapokei lindo bila kukagua silaha. Vivyo hivyo, ahamiaye kota na atake fundi mwenye leseni apime ardhi kwa chombo, kabla mtoto hajashika pasi.