Daftari la Vipande

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Na maisha je?

Kijana wa Kambi Muru, kule Kibera, hahitaji duka la vifaa vya sanaa. Daftari kuukuu, gazeti la jana, kipande cha leso, pakiti tupu ya majani ya chai na gundi ya unga vyatosha. Abandike, apake rangi, kisha aandike juu yake lililomkera au kumfurahisha siku hiyo.

Dan Eldon, aliyelelewa Nairobi, alifanya hivyo tangu ujanani. Alipouawa Mogadishu tarehe 12 Julai 1993, akiwa na umri wa miaka 22, aliacha madaftari 17 ya picha, rangi na maneno. Kurasa zake zilichapishwa kitabuni mwaka 1997. Lakini kwanza zilikuwa zake mwenyewe.

Kibera hupigwa picha na wageni kila uchao. Ni nani basi anayejipiga yake ya moyoni? Nyumba ya mabati yaweza kubomolewa asubuhi moja. Daftari huchukulika kwapani. Wazazi, wapeni watoto daftari hilo, wala msidai kulisoma.