Gitaa la Umeme Chumbani: Namna ya Kuchagua Kifaa cha Mazoezi



Kila tunaporudi Singida kwa likizo ya katikati ya mwaka, wakati alizeti zinavunwa na upepo wa kiangazi umeanza kuvuma, swali moja hutufuata kutoka kigango hadi kigango. Vijana wa kwaya hutuvuta pembeni baada ya Misa na kuuliza: "Frateri, nataka kujifunza gitaa la umeme nyumbani. Amplifaya sina, na hata ningekuwa nayo majirani wangenihamisha. Ninunue nini?" Kwa muda mrefu tulijibu kwa kubahatisha. Safari hii tumeona tuandike, kwa sababu kubahatisha kwetu kuliwahi kugharimu magunia mawili ya alizeti ya watu wengine. Tutalieleza hilo mbele kidogo, ingawa si jambo la kujivunia.

Tuanze na gitaa lenyewe. Gitaa la umeme likipigwa bila kuunganishwa popote hulia kama waya wa uzio. Chini ya nyuzi zake kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku hizo, umeme mdogo mno huzaliwa, nao husafiri kwenye kebo hadi kwenye amplifaya. Wengi hudhani kazi ya amplifaya ni kuongeza ukubwa wa sauti tu. Sivyo. Amplifaya ya gitaa ni sehemu ya ala, kama kibuyu kilivyo sehemu ya zeze. Zile za zamani zinazotumia valvu za kioo huulainisha mlio na kuutia mkwaruzo zinaposukumwa kwa nguvu, na spika yake hukata ile milio mikali ya juu inayochoma masikio. Ndiyo maana gitaa likichomekwa moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa husikika kavu na limefifia: miksa nyingi hazikutengenezwa kupokea umeme wa gitaa moja kwa moja, na spika za kanisa zimeundwa zitoe kila zinachopewa bila kuchuja.

Taabu ni kwamba amplifaya ya valvu huwa tamu hasa ikifunguliwa sana. Nyumbani, ukuta mmoja na chumba cha mtoto mchanga, au bwenini saa za kimya, haiwezekani. Hapo ndipo kinapoingia kifaa tutakachokiita hapa kiigizi, yaani kompyuta ndogo inayoigiza kazi ya amplifaya na spika yake, ili sauti ileile iliyohitaji ukumbi mzima ipatikane kwenye hedfoni.

Teknolojia hii si ya jana. Roland ya Japani ilitoa VG-8 mwaka 1995. Mwaka uliofuata Line 6 ya Marekani ikatoa amplifaya iitwayo AxSys 212, na mwaka 1998 ikaja POD, kidude chekundu chenye umbo la haragwe ambacho wapiga gitaa wengi duniani walikiweka mezani kwao. Utendaji wake hadi leo ni uleule kwa msingi. Kifaa hupima umeme wa gitaa mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, huugeuza kuwa namba, hufanya hesabu za vile ambavyo valvu, vitufe na spika fulani vingeubadilisha, kisha huzirudisha namba kuwa umeme wa kusikika.

Tulipokuwa tunasoma kitabu cha kumi cha Jamhuri ya Plato, pale anapoilaumu sanaa kwa kuwa mwigo wa mwigo, mwenzetu mmoja alinong'ona kwamba basi POD ni mwigo wa mwigo wa mwigo. Darasa lilicheka, na mwalimu alitaka kujua tunacheka nini. Sisi katika jambo hili tuko upande wa Aristotle, aliyeandika kuwa mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Kifaa kizuri kwa mwanafunzi ni kile kitakachomfanya apige kila siku, na kigezo hicho peke yake huondoa nusu ya vile vinavyosifiwa madukani.

Sasa lile la magunia mawili.

Jumuiya mbili za kigango chetu zilitoa alizeti, zikauzwa, na fedha tukakabidhiwa sisi "mafrateri wanaojua vyombo" tuwanunulie vijana wa kwaya kiigizi cha kujifunzia. Tulikipata kilichotumika, cha aina ya pedali, kizima kabisa, lakini hakikuwa na adapta yake. Tukasema adapta ni adapta. Nyumbani kulikuwa na moja iliyobaki kutoka kwenye kifaa cha intaneti kilichokufa, plagi yake ikaingia vizuri kabisa kwenye tundu. Tuliwasha. Kilitoa mwanga kwa kufumba na kufumbua, kisha harufu ya kuungua ikajaa sebuleni.

Baadaye ndipo tulipogeuza adapta na kusoma maandishi yaliyokuwa yametukodolea macho muda wote. Kiigizi kilihitaji volti 9, na hasi iwe katikati ya plagi. Adapta yetu ilikuwa ya volti 12, na katikati ni chanya. Pedali nyingi za gitaa hutumia volti 9 na hasi katikati, kinyume cha vifaa vingi vya nyumbani. Alama yake ni kiduara chenye nukta, kikiwa na kijumlishi upande mmoja na kitoa upande wa pili. Alama ndogo kuliko punje ya mtama, nasi wanafalsafa tuliipita.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa makamo ya babu zetu, tukamweleza bila kuficha. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza tu, "Sasa, Frateri, watoto watapigia nini sikukuu ya somo wetu?" Hatukuwa na jibu, wala mshahara. Likizo iliyobaki tuliimaliza tukipura alizeti kwenye mashamba ya watu wa jumuiya zile, na kifaa cha pili kilipatikana mwaka uliofuata. Sikukuu ile vijana waliimba kwa ngoma na kayamba, wakaimba vizuri, jambo ambalo lilitufariji na kutuumiza kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa kila anayetuuliza ni hili: kinakula umeme gani? Umeme wa gridi kwetu ni volti 230. Vifaa vilivyotumika vinavyotoka Japani vinaweza kuwa vya volti 100, na vya Marekani volti 120. Ukivichomeka ukutani bila kuangalia, utapata harufu ileile tuliyoipata sisi. Halafu umeme hukatika, na vijiji vingi vya Mkalama, Iramba na Manyoni wanategemea sola ndogo ya taa na simu. Mtu wa namna hiyo atafute kiigizi kinachotumia betri za kawaida au kinachochajiwa kwa waya wa simu. Zoom G1 Four, kwa mfano, hutumia betri nne za AA, na Boss GT-1 vilevile. Roland Micro Cube GX, ambayo ina spika yake ndani, hutumia betri sita. Fender Mustang Micro, kidude cha kuchomekwa moja kwa moja kwenye gitaa, huchajiwa kwa waya wa USB na hudumu hadi saa sita; pawabenki inakitosha.

Swali la pili ni la masikio. Hesabu zote zile huchukua muda, hivyo kuna kuchelewa kati ya kidole kugusa uzi na sikio kusikia. Sauti hewani husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, yaani mita moja kwa takribani milisekunde tatu. Kiigizi kizuri chenye hedfoni ya waya huchelewa milisekunde chache tu, sawa na mtu aliyesimama mita moja au mbili kutoka kwenye spika, hakuna atakayehisi. Lakini hedfoni za kawaida za Bluetooth huweza kuchelewa milisekunde 100, hata 200. Ni kama vile mpiga gitaa yuko altareni na spika yake iko nje ya geti la parokia. Utapiga, utasubiri, utasikia, na baada ya dakika tano utaamini kuwa huna kipaji. Vijana watatu tunaowafahamu walikaribia kuacha gitaa kwa sababu hiyo tu, hadi tulipowapa hedfoni ya waya. Bluetooth ya kwenye kiigizi ni nzuri kwa kazi moja: kuleta wimbo kutoka kwenye simu ili uufuatishe.

Simu nazo zina programu za kuigiza amplifaya, nyingine za bure. Kwa iPhone mambo huenda vizuri ukiwa na kiunganishi chake. Kwa Android inategemea simu, na simu nyingi za bei nafuu huchelewa mno. Mwenye kompyuta anaweza kutumia Neural Amp Modeler, programu ya bure ambayo sauti yake hushindana na vifaa vya bei kubwa, ila lazima awe na kadi ya sauti ya nje ya kuunganishia gitaa. Sisi kompyuta tunazo za kuandikia insha za falsafa, nazo zikiongezewa kazi hiyo hulia feni kama mashine ya kusaga.

Swali la tatu ndilo tunaloona wauzaji hawalisemi: unapiga muziki gani? Kiigizi kitatangazwa kwa kuwa na amplifaya arobaini, athari mia moja, na theluthi mbili ya hizo ni mikwaruzo ya roki nzito. Gitaa letu, tangu dansi ya kina Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu hadi solo za kwaya za leo, hupenda mlio safi, mwangavu, wenye mwangwi kidogo, kila noti ijitegemee kama punje kwenye ungo. Kwa hiyo ukienda dukani, iwe ni Kariakoo au kwa mtu anayeuza cha kwake, usiongozwe na mkwaruzo unaopigiwa ili ushangae. Omba wakuwekee mlio safi. Tafuta uigizaji wa Fender Twin Reverb au wa Roland JC-120, amplifaya ya mwaka 1975 ambayo korasi yake imezoeleka masikioni mwetu hata kama jina lake hatulijui. Piga taratibu, kisha kwa nguvu, usikilize kama sauti inakufuata au inabaki ileile. Ikibaki ileile, kirudishe mezani.

Mbili au tatu za athari zinatosha: mwangwi, korasi, na kompresa ya kusawazisha noti. La muhimu kuliko hizo ni kifaa kiweze kurekodi kipande kifupi na kukirudia. G1 Four hurudia hadi sekunde 30. Unapiga ridhimu ya wimbo mara moja, nayo inazunguka, wewe unajifunza solo juu yake usiku kucha bila kumsumbua mwenzako wa ridhimu aliyekwenda kuchunga.

Kwa mwanakwaya tunapendekeza pedali kuliko amplifaya ndogo ya mezani. Amplifaya ya mezani, kama Spark au THR ya Yamaha, ni tamu sebuleni, na kama unapiga nyumbani tu huenda ndiyo itakufurahisha zaidi. Lakini Jumapili pedali huingia mfukoni, huchomekwa kwenye miksa ya kanisa, na sauti uliyoizoea chumbani ndiyo itakayosikika. Kumbuka tu kuwasha uigizaji wa spika, kwa sababu bila huo ule ukali wa juu hurudi na wazee wa mstari wa mbele watashika masikio.

Na hapo kanisani kuna jambo la utaratibu. Hati ya Mtaguso kuhusu Liturujia ya mwaka 1963, namba 120, inakipa heshima ya pekee kinanda chenye filimbi, na inaruhusu ala nyingine kwa kibali cha mamlaka husika ya Kanisa, mradi zifae matumizi matakatifu na kuwajenga waamini. Gitaa la umeme halijiingizi lenyewe. Muulizeni paroko kabla ya kununua, si baada. Tena Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 313, yanasema wakati wa Kwaresima ala zipigwe kwa kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Kwa mpiga solo hizo ni wiki za kujifunza ridhimu, na hedfoni humsaidia sana.

Wapiga besi wametulalamikia kuwa tumewasahau. Uzi mnene wa besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, nusu ya ule mnene wa gitaa la kawaida, na vispika vya mezani haviwezi kuutoa. Utasikia mgongo wa sauti bila mwili wake. Tumieni hedfoni kubwa zinazofunika sikio lote, na mhakikishe kiigizi kina uigizaji wa amplifaya ya besi. Kile cha pili tulichonunua kinao, kipo kwa katibu wa kwaya, na adapta yake tumeifunga pamoja nacho kwa kamba.