Maji Hayanenepeshi

Wengi wanaokuja kuniona ili wapunguze mwili huwa na sentensi moja ambayo kwangu imekuwa kama salamu: "Daktari, mimi hata nikinywa maji nanenepa." Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, lakini hapo huwa sisahihishi. Anayesema hivyo hatanii. Ameacha ugali wa usiku, ameacha soda, na mizani haijasogea. Tena ana wifi yake anayekula sahani mbili za pilau na nguo za usichana bado zinamtosha. Kwa hiyo hukumu ameshaitoa: chakula hakina kosa, kosa ni la umetaboli wake, yaani mwili wake ni mvivu wa kuunguza anachokula.

Cha ajabu ni kwamba ushahidi mzito katika kesi hii umetokana na maji.

Maji yenyewe si ya bombani. Yametengenezwa kwa haidrojeni nzito na oksijeni nzito, ambazo hazimdhuru mtu lakini maabara inaweza kuzitambua. Ukiyanywa, ile haidrojeni hutoka mwilini kama maji tu: mkojo, jasho, mvuke wa pumzi. Oksijeni hutoka kwa njia mbili: kama maji, na kama kaboni dioksidi unayoitoa ukipumua. Mtaalamu akipima mkojo wako kwa siku kadhaa, tofauti ya kasi ya kupotea kwa hizo mbili humwonyesha umetoa kaboni dioksidi kiasi gani. Na kaboni dioksidi ndiyo moshi wa chakula kilichoungua. Hapo anazijua kalori ulizotumia bila kukufungia chumbani wala kukuuliza swali. (Kalori ninazozitaja humu ni zile za kwenye pakiti za vyakula, ambazo kitaalamu huitwa kilokalori.)

Mwaka 2012 mtafiti Mmarekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kipimo hicho kwa Wahadzabe 30 wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Hawa ni watu wanaowinda, wanaochimba mizizi, wanaorina asali na kuokota ubuyu. Mwanamume alitembea takriban kilomita 11 kwa siku, mwanamke karibu 6. Kila mtu alitarajia wakutwe wanaunguza kalori nyingi kuliko karani wa Ulaya au Marekani anayekaa kitini kutwa. Haikuwa hivyo. Wanaume walitumia takriban kalori 2,600 kwa siku na wanawake takriban 1,900, na ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, Wahadzabe na watu wa mijini walilingana.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti. Ukizidisha matumizi kwenye miguu, unabana kwingine. Wataalamu bado wanajadiliana ubanaji huo unafika wapi, lakini fundisho la Eyasi halikwepeki: Mhadzabe hakuwa mwembamba kwa sababu ya moto mkali ndani yake. Tofauti kubwa tuitafute kwenye kinachoingia mdomoni.

Umri nao husingiziwa. Mwaka 2021 jarida la Science lilitoa matokeo ya maji hayohayo kwa zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia kichanga wa siku nane hadi mzee wa miaka 95. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati yalisimama palepale kati ya miaka 20 na 60, kwa wanaume na kwa wanawake, kisha yakaanza kupungua chini ya asilimia moja kwa mwaka. Kitambi cha miaka 40, basi, hakiwezi kulaumu moto uliozimika. Hata unene wenyewe unakanusha dhana ya mwili mvivu, kwa kuwa mwili mkubwa, kama nyumba kubwa, hugharimu zaidi kuuendesha. Kwa kawaida mtu mnene huunguza kalori nyingi kwa siku kuliko mwembamba wa kimo chake.

Sasa turudi kwa yule anayenenepa kwa maji, nimwite mama wa maji. Je, anasema uongo? Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu 10 walioapa kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui. Umetaboli wao ulipimwa ukakutwa wa kawaida. Kilichopotoka kilikuwa kumbukumbu: walitaja pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula, na walizidisha mazoezi yao kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo. Kula ni jambo ambalo akili hailiwekei daftari.

Jikoni kwetu mambo hayo nayaona wazi. Kuna mchuzi ulioonjwa mara nne kabla ya kupakuliwa, kuna ukoko na makombo ya watoto ambayo ni dhambi kuyatupa, kuna karanga za kwenye daladala. Kuna mafuta yanayomiminwa kwa kukadiria, wakati kijiko kimoja kikubwa kina takriban kalori 120. Kuna chai: vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na tayari ni kalori 145 hivi ambazo hakuna anayeziita chakula. Haba na haba hujaza kibaba, na wahenga wetu hawakuteua kibaba bure. Ni kipimo cha nafaka. Yule wifi wa pilau naye tunamwona kwenye shughuli. Jumanne yake hatuijui.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kalori zimeshinda. Lakini huo ungekuwa ushindi wa nusu, kwa sababu umetaboli si jiwe. Unapopunguza chakula, nao hupungua.

Ushahidi unaojulikana zaidi ulipatikana Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, katika miaka ya 1944 na 1945. Ancel Keys aliwalisha vijana 36 wa kujitolea takriban nusu ya chakula chao kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalikwenda polepole, walihisi baridi hata wakati wa joto, na nishati ya mwili uliopumzika ilishuka kwa karibu asilimia 40. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Waliendelea kupungua, hata hivyo, na moto wao ukiwa umefifia vile. Umetaboli ulipunguza mwendo bila kusimamisha safari.

Jambo hilohilo lilijirudia kwa washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani, The Biggest Loser. Walipungua wastani wa kilo 58 kwa wiki 30. Kevin Hall na wenzake waliwapima tena miaka sita baadaye na kuchapisha matokeo mwaka 2016: kilo 41 kati ya hizo zilikuwa zimerudi, na miili yao ilipopumzika ilikuwa ikiunguza takriban kalori 500 pungufu ya ilivyotarajiwa. Magazeti yakapiga kelele: umetaboli umeharibika! Yaliruka mstari mmoja muhimu: waliofaulu kubaki na uzito mdogo ndio ambao umetaboli wao ulikuwa umeshuka zaidi. Kama moto hafifu ndio unaorudisha kilo, wao wangekuwa wa kwanza kunenepa.

Kama si moto, nani anarudisha kilo? Ni njaa. Mwaka huohuo Hall na wenzake waliangalia wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakitumia dawa inayotoa sukari kupitia mkojo. Wagonjwa hawa walikuwa wakipoteza kalori kila siku bila kuhisi, hivyo walipungua bila nia ya kujinyima. Hesabu ilionyesha kwamba kwa kila kilo iliyopotea, hamu ya kula ilipanda kwa takriban kalori 100 kwa siku. Kushuka kwa matumizi ya mwili hakukufika hata theluthi ya hapo. Mwili unaopungua hubana matumizi kidogo, lakini hudai chakula kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama ni hili: kalori ndizo zinazoamua uzito, lakini hamu ya kula ndiyo inayoamua kalori. Anayepambana na umetaboli kwa chai za kuyeyusha mafuta na limau za alfajiri amekosea adui. Anayehesabu kalori tu huku ameacha tumbo likipiga kelele atashindwa jioni ya siku ya kumi.

Na hamu hiyo hutegemea aina ya chakula. Mwaka 2019, katika taasisi za afya za taifa za Marekani, watu 20 walikaa wodini wakila vyakula vya viwandani kwa wiki mbili, na vyakula vya kupikwa kutoka ghafi kwa wiki mbili nyingine. Milo iliwekwa mezani ikiwa imelinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, na kila mtu alikula hadi atosheke. Kwenye vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na wakaongezeka kilo 0.9 hivi. Kwenye vya kupikwa walipungua kiasi hichohicho.

Ndiyo maana siandiki orodha ya marufuku. Naomba mafuta yapimwe kwa kijiko, sukari ya chai ipunguzwe kijiko kimoja kila wiki, chungwa liliwe badala ya kukamuliwa. Kwenye sahani, maharage au dagaa na mboga za majani vitangulie kupakuliwa, ugali ufuate, kwa sababu protini na nyuzinyuzi hunyamazisha tumbo kwa muda mrefu. Kutembea kuna faida kwa moyo na sukari ya damu, na wale wa shindano waliodumisha mazoezi ndio walioshikilia uzito wao vizuri zaidi. Ila mtu wa kilo 70 akitembea saa nzima hutumia takriban kalori 250, na vijiko viwili vikubwa vya mafuta vinazirudisha karibu zote kabla hajavua viatu.

Wapo ambao kweli wana sababu ya kitabibu: tezi ya shingoni iliyolegea, dawa za steroidi, baadhi ya dawa za akili. Hao wanahitaji vipimo, hawahitaji lawama. Na anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka ghafla.

Mama wa maji mara nyingi hutoka kwangu na daftari dogo. Namwomba aandike kila kinachoingia mdomoni kwa siku saba, pamoja na kile alichoonja akiwa amesimama. Akirudi, huwa hatuzungumzii tena umetaboli. Tunazungumzia saa kumi jioni, saa ambayo njaa humkuta akiwa njiani, karibu na muuza mihogo ya kukaanga.