Kabla hujapandisha kipigia mayai juu ya paa

Jirani yangu amemaliza ghorofa yake ya pili, na sasa amenaswa na tangazo alilolikuta kwenye simu. Ni mtambo wa upepo, kimo chake kikimzidi mtu kidogo tu, unaosimama juu ya paa na kuzunguka kama kile kifaa cha kupigia mayai. Tangazo linasema hauna kelele, haujali upepo unatoka wapi, na unatoa wati 500. "Fundi, niununue?" ameniuliza. Jibu langu lilikuwa refu kuliko alivyotaka, kwa hiyo nalileta hapa.

Mitambo tuliyoizoea, kama ile 365 ya Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana, ina mhimili uliolala. Mabawa yake matatu lazima yautazame upepo, na upepo ukigeuka, mota huzungusha kichwa kizima kuufuata. Mtambo anaoutaka jirani una mhimili uliosimama wima. Kwake kaskazi na kusi ni mamoja. Mitambo ya aina hii ikisimikwa ardhini, jenereta hukaa chini, hivyo fundi huifikia akiwa amekanyaga ardhi badala ya kupanda mnara wa mita 40 na zaidi. Hizo ni faida za kweli, wala sizidharau.

Lakini mitambo ya wima si ya aina moja. Ipo inayosukumwa na ipo inayovutwa. Anayejua tanga atanielewa haraka. Chombo kikipata upepo wa tezi, tanga husukumwa tu, na chombo hakiwezi kuukimbia upepo unaokisukuma. Vinu vya kale vya Nashtifan, kaskazini mashariki mwa Iran, vilivyojengwa kwa udongo na mbao kwa ajili ya kusaga nafaka, hufanya kazi hivyo. Ndivyo ulivyo pia mtambo wa Sigurd Savonius, mhandisi wa Finland aliyeubuni miaka ya 1920. Unaweza kuutengeneza kwa pipa la mafuta lililopasuliwa katikati kwa urefu, nusu zake zikapishanishwa kidogo. Huanza kuzunguka wenyewe hata kwa upepo hafifu na una nguvu ya kuvuta pampu ya maji, lakini kwa kawaida hukamata chini ya sehemu moja ya tano ya nishati ya upepo unaoupitia.

Upepo ukiwa wa ubavuni mambo hubadilika, kwa sababu tanga sasa linavutwa mbele kama bawa la ndege. Siri hiyo ndiyo aliyoitumia Mfaransa Georges Darrieus katika miaka hiyohiyo ya 1920. Mabawa yake hukimbia mara kadhaa ya kasi ya upepo wenyewe, na mtambo uliotengenezwa vizuri hufikia asilimia 35 hadi 40. Mitambo mikubwa ya mhimili wa kulala hufika 45 hivi na kuendelea, na kikomo cha kimaumbile ni asilimia 59. Pengo si la kutisha. Kero ya kwanza ya mtambo wa Darrieus ni kwamba mara nyingi hauwezi kuanza wenyewe, hivyo inabidi usukumwe na mota kwanza. Ya pili ndiyo iliyoiua biashara yake.

Fuata bawa moja katika mzunguko. Likiwa upande unakotoka upepo, hupindwa kuelekea ndani. Nusu mzunguko baadaye liko upande wa pili, linakula upepo uliokwisha kuchoshwa na mabawa yaliyotangulia, na sasa linapindwa kuelekea nje. Ukizunguka mara 50 kwa dakika bila kupumzika, hiyo ni ndani-nje zaidi ya mara milioni 26 kwa mwaka. Kila aliyewahi kukata waya kwa kuukunja huku na huku anajua mwisho wake. Kampuni ya FloWind ya Marekani ilisimika zaidi ya mitambo 500 ya aina hii huko California miaka ya 1980, yenye mabawa ya aluminiamu. Mabawa yakachoka na kupasuka, na mwaka 1997 kampuni ikafilisika.

Kule Cap-Chat, Quebec, nchini Kanada, walijenga mkubwa kuliko yote: Éole, wenye urefu wa mita 110, uliokusudiwa kutoa karibu megawati 4. Ulisimama mwaka 1993 baada ya miaka kama mitano tu ya kazi, na kilichousimamisha ni beringi ya chini. Fikiria: beringi hiyo hubeba uzito wa rota nzima, na juu yake kuna mvuto wa nyaya zinazoushikilia mtambo usianguke. Kuibadilisha kunataka kuinua yote hayo. Kwa hiyo ile sifa ya "kila kitu kiko chini" ina upande wake wa pili. Mashamba ya upepo yaliyojengwa Cap-Chat mwishoni mwa miaka ya 1990 yalitumia mhimili wa kulala.

Sasa turudi kwenye paa la jirani. Nguvu ya upepo hufuata mchemraba wa kasi yake: kasi ikipungua kwa nusu, nguvu inabaki moja ya nane. Mtambo wake una upana wa mita 1 na kimo cha mita 2. Tuupe ufanisi wa asilimia 25. Kwenye upepo wa mita 12 kwa sekunde utatoa karibu wati 500, kwa hiyo tangazo halijadanganya. Ila upepo wa namna hiyo ni mkali, wa kutikisa matawi makubwa ya miti. Kwenye mita 4 kwa sekunde, kasi ya kawaida juu ya mapaa mengi ya mjini, utatoa wati 19. Hizo zinawasha taa mbili za LED. Hata ukizidisha maradufu, maana upepo halisi hupanda na kushuka, utapata chini ya uniti moja kwa siku. Paneli ya sola ya ukubwa uleule, yenye wati 400, kwa jua letu la saa tano hivi kwa siku itakupa kama uniti moja na nusu, na haina beringi.

Wauzaji watasema mtambo wa wima huvumilia upepo wa vurugu wa mjini. Ni kweli huuvumilia kuliko wa kulala, ila kuvumilia upepo mchache hakuuongezi.

Mahali ambapo mimi binafsi ningeweka matumaini ni baharini, kwenye kina kirefu, ambako mtambo lazima uelee. Huko uzito ulio chini ni kama farumi ndani ya jahazi. Kampuni ya SeaTwirl ya Sweden ilizindua baharini mtambo mdogo wa wima wa majaribio wa kilowati 30 mwaka 2015, karibu na Lysekil.

Kwa jirani yangu, ushauri ni mmoja: amuombe muuzaji amwandikie mtambo huo unatoa wati ngapi upepo ukiwa mita 4 kwa sekunde. Asipopewa jibu, pesa hizo ziende kwenye paneli.